Nyimbo za Baba Mumo Hazitaji Mbuzi

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Kanini amekuja kutoka Masinga. Dada yangu mdogo. Amekunywa chai, amemsifu Mumo mashavu, amesifu hata pazia. Nikajua kuna jambo. Pazia letu halisifiwi na mtu mwenye akili timamu.

Basi akalitoa. Watu wa mchumba wake wako tayari, wanataka kuleta mbuzi mwezi huu. Nikapiga kigelegele! Akaniambia ningoje kwanza, nisimalize pumzi. Baba amekataa. Amesema mbuzi wa mdogo hawaingii bomani kwake kabla ya mbuzi wa mkubwa.

Mkubwa ni mimi.

Mimi na Ndeti tunaishi pamoja hapa Mumbuni huu mwaka wa pili. Mtoto tuko naye. Sufuria tuko nazo. Kitanda tuko nacho, na hakilii. Kitu hatuna ni ntheo, wale mbuzi watatu wa kupeleka kwa Baba. Kwetu Ukambani bila hao hujaolewa, hata ukizeekea ndani ya hiyo nyumba. Hata Mumo wangu anahesabiwa wa Baba, si wa Ndeti.

Baba anakuja Jumamosi. Kama Ndeti hana neno la mbuzi, ananichukua mimi na mtoto turudi Masinga. Kanini anasema ameshatafuta magunia ya kubebea vyombo vyangu. Nikauliza kama alikuwa amekasirika. Akasema hapana, alikuwa ameketi nje anayakung'uta polepole.

Aiya! Hiyo ni mbaya zaidi.

Kumwuliza Ndeti siwezi. Mwanamke hajiombei mbuzi wake mwenyewe, ni aibu. Niliwahi kuzungukazunguka, nikasema mbuzi wa jirani wamenona kweli. Akatazama nje ya dirisha, akasema ni kweli wamenona.

Yeye ni mtu wa kunyamaza. Mchana anasaga unga kwenye mashine ya Mzee Muli, jioni anarudi mweupe mpaka kope. Hasemi. Lakini wikendi anashika gitaa, na hapo mdomo unafunguka, anaimba mapenzi mpaka wanawake wanashikana mabega. Ako na kanda mbili. Nyimbo zote ametunga yeye.

Sasa nimefikiri. Mimi nilifika darasa la saba, na kwa insha nilikuwa sichezewi. Mtu akinyamaza nyumbani na kuimba nje, basi mawazo yake yote yako kwenye nyimbo! Nitazisikiliza zote. Nitajua anaionaje ndoa. Nikishajua, nitajua pa kumshikia.

Mpango mzuri sana. Naenda kulala nikiwa na matumaini.

Jumanne, 10 Agosti

Betri za redio zimekufa. Nimezianika juani tangu asubuhi. Wapi.

Nikamfunga Mumo mgongoni nikaenda kwa Linet wa saluni. Linet ako na redio kaseti ya stima. Pia ako na mdomo. Nilimwambia tu nimekumbuka sauti ya Ndeti. Akacheka, akauliza ni mke gani anakumbuka sauti ya mwanamume aliyetoka nyumbani saa mbili asubuhi hiyohiyo. Kabla hajamaliza kusuka mistari miwili alikuwa amenitoa siri yote, na mteja aliyekuwa anasukwa amenipa pole.

Wimbo wa kwanza. Ndeti anaimba: mrembo, jiko langu limezima, njoo na kaa lako la moto. Nikasema haya, huyu ni mtu anataka mke! Linet akasema huyu ni mtu anataka chakula, na hivyo ni vitu viwili.

Wimbo wa pili. Usinifunge kama ndama, mama, jioni nitarudi mwenyewe.

Linet akasimamisha kanda. Akairudisha. Tukasikiza tena. Akaniangalia vile watu wanamwangalia mgonjwa wanapotoka wodini. Akasema, mama Mumo, usinikasirikie, lakini mwanamume wako anaogopa kamba. Nikabisha. Nikamwambia ndama anayerudi mwenyewe jioni ni kwa sababu anapenda nyumbani. Linet akasema anarudi kwa sababu ya maziwa. Mteja akadakia hata wake yuko hivyohivyo.

Halafu majina! Ukisikia nyimbo zetu unajua, gitaa likishapanda katikati, mwimbaji anaanza kusalimia watu. Na anawataja vizuri, mtu na wake. Mwanamke aliyeolewa anatajwa wa mumewe. Asiyeolewa anatajwa wa babake. Ndeti amemtaja makanga wa basi. Amemtaja muuza betri. Amemtaja Mutiso anayeleta maji, na punda wa Mutiso. Punda! Mimi, hakuna mahali. Linet yuko ndani: "Linet wa saluni, mikono laini." Hapo kanda ilikwama mara tatu, yeye mwenyewe akishika mashine. Eti imezeeka.

Nimerudi nimenuna. Ndeti amekuja jioni, akanawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kumshika Mumo, lakini alisahau nyusi. Unga ukamdondokea mtoto puani. Mtoto akapiga chafya, baba akacheka, mtoto akacheka. Amemzungusha nje mpaka nikamaliza kupika, anamwonyesha kuku mmoja mmoja.

Lakini hayo hayanisaidii. Mimi natafuta nyimbo.

Jumatano, 11 Agosti

Linet ameniita nikipita. Amesema amewaza juu ya kesi yangu. Nyimbo za kwenye kanda ni za zamani, zimepoa. Akili ya mwanamume iko kwenye wimbo ambao bado hajamaliza.

Ni kweli! Na ninajua anatungia wapi. Anatungia kwa mashine. Ikinguruma anaimba, ikizimwa ananyamaza. Nitaenda na mahindi nisimame dirishani.

Lakini nikipeleka gunia lote litasagwa mara moja na nitaambiwa niende. Basi nikaligawa. Gorogoro mojamoja, ule mkebe wa kupimia. Hapo nilijipongeza mwenyewe.

Gorogoro ya kwanza: mashine ikanguruma, Ndeti akaanza. "Ukienda kwenu..." Halafu mahindi yakaingia, mashine ikapandisha sauti, sikusikia kingine. Unga ukaisha.

Nikarudi nyumbani kuleta nyingine. "Ukienda kwenu..." Ngrrrrr.

Kila nikija ni hapohapo! Mahindi yangu mwenyewe yanafunika maneno ninayotafuta. Safari ya tatu Ndeti alitoa kichwa dirishani akauliza kama tuna wageni. Nikasema ni uji wa mtoto. Mzee Muli, mwenye mashine, akasema huyo mtoto akimaliza huo uji atavuta plau. Wanawake kwenye foleni walianza kusukumana. Mmoja akasema kwa sauti, mwacheni, analinda bwana wake asichukuliwe na magunia.

Kufikia jioni gunia limeisha. Ndani ya nyumba ni unga kwa debe, unga kwa beseni, unga kwa ndoo ya kuogea. Maneno ninayo mawili. Ukienda kwenu.

Nimepitia kwa Linet. Akasema mbona ni rahisi. Ukienda kwenu, usirudi. Nikamwambia labda ni ukienda kwenu nisalimie wazee. Akasema, mami, nani analipa kiingilio kusikia mtu akisalimia wazee?

Nimelia kidogo juu ya beseni. Unga ukashikana madonge pale nililia.

Alhamisi, 12 Agosti

Ndeti ameomba muthokoi. Anaupenda kuliko nyama. Muthokoi unatwangwa kwa mahindi mazima, na mahindi mazima katika nyumba hii hakuna hata punje ya kumlisha kuku. Nimempa ugali. Asubuhi alikunywa uji. Mchana nilimpelekea ugali. Amekula, akasema ugali ni mzuri, kisha akaangalia beseni, akaangalia ndoo, hakuuliza.

Kilio hakisaidii. Nimetafuta mpango mwingine na huu hauna shimo.

Jumamosi kuna harambee pale shule ya msingi, ya kuezeka darasa. Ndeti na wenzake wanapiga muziki. Baba akitoka Masinga atashukia stendi hapo karibu. Sasa, kama Ndeti hataki kunitaja, nitatajwa bila yeye! Mwanamke akishatajwa kwenye wimbo mbele ya watu wote, na babake akisikia kwa masikio yake, mwanamume atakataa vipi? Atakuwa ameshikwa.

Mutua anapiga besi na ndiye anamsaidia kuita majina. Nimemwita nyuma ya nyumba nikampa kuku wangu wa madoadoa, yule anayetaga. Nikamwambia anitaje, tena vizuri, katika ule wimbo mtamu wa jiko. Akamkumbatia kuku kwapani akasema, shemeji, wewe lala, mimi nitakuita mpaka watu wa Kitui waitike.

Anampenda shemeji yake huyu Mutua. Pia anapenda kuku.

Ijumaa, 13 Agosti

Linet anasema mpango mmoja hautoshi, niwe na wa pili. Nimtishe. Mwanamume akiona mke anafunga mzigo, moyo unaruka.

Nimetoa mfuko wangu wa safari. Nikakunja leso mbili, sweta ya Mumo, nikauacha wazi juu ya kitanda, pale mtu anayeingia ni lazima auone.

Ndeti ameingia. Ameuona. Alisimama hapo muda, kofia mkononi. Mimi nikajifanya napepeta unga. Moyo ulikuwa unapiga mpaka ungo unatikisika. Nikangoja aseme hapana.

Alitoka nje. Akarudi na nyundo na mafuta ya taa, akaanza kutengeneza mlango! Ule mlango wetu unakwama tangu mvua, ukitaka kutoka unausukuma kwa bega. Ameupaka bawaba mafuta, ameukwangua chini, akaufungua na kuufunga, fya, fya, mpaka ukawa mwepesi kama ukurasa.

Nimeelewa. Ananirahisishia njia ya kutokea.

Uchungu nilio nao hata Linet sitamwambia. Nimemnyonyesha Mumo nikiangalia huo mlango. Mtoto alikuwa ameshika kidole cha babake hata akilala, na babake hakukitoa mpaka mguu wake ukafa ganzi. Sasa Masinga atashika kidole cha nani?

Jumamosi, 14 Agosti

Niandike polepole.

Baba alifika saa nne. Koti, kofia, magunia yamekunjwa chini ya kwapa. Hakukubali chai. Hakusema mkwe. Alisema, yuko wapi yule wa gitaa? Nikasema yuko shuleni kwa harambee. Akasema twende tumsikie basi, pengine akiimba ataeleweka.

Uwanja ulijaa. Linet alikuwa mbele kabisa na suti ya rangi ya ndizi. Nikamweka Baba kwenye benchi, nikasimama nyuma yake na Mumo mgongoni. Mutua akaniona, akanikonyeza. Nikatulia. Nikangoja wimbo wa jiko.

Hawakupiga wa jiko. Watu waliitisha wa ndama.

Nikatikisa kichwa. Nikampungia mkono Mutua, hapana, hapana! Yeye akadhani namharakisha. Gitaa likapanda, akarukia maikrofoni, akaita kwa nguvu zote za kuku niliyempa:

"Kalekye wa Kitheka! Msichana wa Masinga! Kalekye wa Kitheka, usinifunge kama ndama!"

Wa Kitheka. Kitheka ni Baba. Nilimwambia anitaje vizuri, sikumwambia anitaje wa nani!

Watu wanaonijua kama mama Mumo waligeuka wote pamoja. Nikasikia neno "kumbe" likipita kwenye viti kama sahani ya sadaka. Kumbe hajaolewa. Kumbe yuko tu. Wale wanawake wa foleni ya mashine walikuwepo, hakuna aliyekuwa amebaki nyumbani. Nilitaka kumfunika Mumo masikio.

Gitaa likanyamaza.

Ndeti alikuwa ameshika nyuzi na kiganja. Akaenda akamtoa Mutua mbele ya maikrofoni, si kwa hasira, vile unamwondoa mtoto karibu na moto. Akasema:

"Wa Ndeti."

Mutua akacheka, akidhani ni mchezo. Ndeti akarudia, akiangalia watu. "Huyo ni Kalekye wa Ndeti."

Baba akasimama na magunia yake. Akauliza, na yeye hakuhitaji maikrofoni: "Wa Ndeti tangu lini, kijana? Hao mbuzi niliwala nikiwa usingizini?"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mgeni wa heshima mwenyewe alifunika uso na kitabu cha risiti. Ndeti akashuka jukwaani. Akavua kofia. Akasema, Mzee, mbuzi wako, watatu, wako kwa mama yangu kule Kola tangu mtoto azaliwe. Baba akauliza wanangoja nini huko, kipaimara?

Hapo Ndeti aliniangalia mimi. Si Baba. Mimi. Sauti ikashuka. Akasema, muulize binti yako, Mzee. Yeye ndiye anataka kwenda.

MIMI?

Akaeleza. Kila nikimbembeleza mtoto namwimbia: nyamaza, kesho tutaenda kwa babu, kwa babu kuna maziwa kibuyuni. Kila siku, mwaka mzima, kesho tutaenda, kesho tutaenda. Yeye anasikia. Akajiambia, huyu mwanamke hajatulia kwangu, nikimpelekea babake mbuzi nitakuwa namfunga kwa nguvu. Akangoja wimbo ubadilike. Haukubadilika. Halafu Jumatano akaniona nasaga gunia zima la mahindi, akajua nataka kumwachia unga wa siku nyingi. Halafu jana akaona mfuko.

Nikasema, lakini huo ni wimbo wa kulalisha mtoto tu! Hivyo ndivyo mama alivyoniimbia mimi!

Wote wakamgeukia Baba. Alipopanguza uso sikujua kama ni jasho. Akasema ni kweli. Akasema, mamake aliwaimbia wote hivyo, kesho tutaenda kwa babu. Na hakuenda mahali. Mpaka tulipomzika hakuwa ameenda mahali.

Hakuna aliyecheka hapo. Kisha Baba akajikohoza, akamwambia Ndeti, Jumamosi ijayo, mapema, na usiniletee vilema.

Magunia hayakurudi matupu. Nimeyajaza unga.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya kanisa Ndeti ameketi mlangoni na gitaa, Mumo katikati ya miguu akipiga mbao za gitaa na kijiko. Nikamwambia animalizie ule wimbo wa kwa mashine. Akaona haya. Akauimba polepole, bila mashine, bila watu.

Ukienda kwenu, mlango nitauacha wazi.

Ndiyo maana aliupaka mafuta! Nilimwambia nilidhani ananifukuza. Akasema alifikiria nikiwa huko Masinga nikikumbuka nyumbani, nije hata na mtoto mgongoni na mzigo mkononi, nisisumbuke na mlango unaokwama.

Niliingia ndani kidogo, eti naangalia sufuria.

Nikauliza juu ya ndama. Akacheka mpaka gitaa likateleza. Wimbo wa ndama ni wa Mutiso wa maji! Mutiso alikosana na mkewe, akaomba atungiwe, akalipa kwa mitungi ya maji. Nikakumbuka ile Machi maji yalikuwa yanaletwa tu. Nimefulia nepi za Mumo kwa ule wimbo, halafu nimeulilia. Na punda alitajwa kwa sababu ndiye aliyebeba.

Na mimi je? Mbona hata punda amenishinda?

Alikuwa anamtoa Mumo unga shingoni. Akasema wimbo ukitoka nje ni wa watu, wanaucheza, wanaukanyaga na viatu vyao vya kila namna. Jina langu hakutaka likanyagwe.

Halafu akaongeza jambo, na ninaliandika neno kwa neno. Akasema: "Mama Mumo, mimi nikiwa na neno nitakuambia kwa mdomo. Na wewe niambie. Tuache kusikilizana kupitia ukutani."

Nikasema sawa. Na nilimaanisha.

Jumapili, 22 Agosti

Mbuzi walikwenda jana!

Pikapu ya Mzee Muli, mbuzi watatu nyuma, wajomba wa Ndeti wawili, mama yake, mimi, Mumo, na Linet ambaye hakualikwa na mtu. Alisema kesi ni yake tangu mwanzo. Njia nzima alikuwa anawaeleza wajomba maana ya kila wimbo, na wajomba walikuwa wanaitikia kwa heshima wakishikilia mbuzi pembe.

Baba alikuwa amevaa lile koti. Alikagua mbuzi meno, macho, kwato. Mmoja alimpiga kichwa gotini. Akasema huyu ndiye mzuri. Tukachinja, tukala, wazee wakasema maneno yanayosemwa. Kanini alinishika mkono chini ya meza akaufinya mpaka pete yake ikaniumiza. Watu wa mchumba wake wanakuja mwisho wa mwezi.

Kisha Baba akambeba Mumo, akamzungusha bomani, akamwambia ng'ombe: huyu ni mgeni, huyu ni wa Ndeti. Alisema hivyo kila penye ng'ombe. Nilikuwa nimesimama na sinia ya sahani chafu, sikuweza kuendelea wala kurudi.

Sasa mimi ni wa Ndeti. Hata Mutua akinitaja vibaya ni sawa.

Jumanne, 24 Agosti

Asubuhi Ndeti amekunywa uji (bado tuko na unga). Akaweka kikombe chini. Akanitazama, akasema: "Mama Mumo, nimefurahi vile uko hapa." Hivyo tu, wazi, kwa mdomo, kama tulivyokubaliana.

Nikamwambia na mimi pia. Akachukua kofia akaenda kazini.

Lakini alipofika kwenye njia, akaanza kupiga mluzi.

Mluzi! Hajawahi kupiga mluzi tangu nimjue. Na wimbo wenyewe siujui. Hauna hata neno moja! Ulipanda, ukashuka, ukasimama kwenye kona, ukaendelea. Kwa nini usimame kwenye kona? Kule ni kwa nani?

Ile ya kufurahi nimeisikia, sawa, ni nzuri. Lakini hiyo alisema akiniangalia. Mtu akikuangalia anaweza kusema kitu chochote cha adabu. Mluzi aliupiga akidhani niko ndani.

Nimekimbia kwa Linet. Amefunga saluni kwanza, akavuta kiti. Akasema maneno yanaweza kudanganya, mluzi hauna pa kufichia uongo, lakini lazima ausikie wenyewe. Akaniambia nimpigie. Nikajaribu. Ukatoka upepo na mate. Akasema nikajifunze, nirudi nikiwa nao mzima, na pale unaposimama nipaweke sawasawa kwa sababu hapo ndipo penye maana.

Jioni nzima nimekuwa nyuma ya nyumba nafanya mazoezi, Mumo mgongoni anapiga makofi. Ile sehemu ya kupanda nimeipata. Kushuka bado.

Halafu nikageuka, nikamkuta Ndeti amesimama kwenye kona ya nyumba, mweupe wa unga, kofia mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Aliniangalia kwa muda, uso umejaa mawazo, kisha akaingia ndani polepole.

Sasa hivi nasikia amechukua gitaa. Anatafutatafuta sauti ya mluzi wangu, anaanza, anaacha, anarudia, kama mtu anayetaka sana kujua una maana gani.